Mgeni Aliyesahau Jina Lake

Jioni ile nilitoka kituo cha kuuzia majani ya chai na kikapu kitupu mgongoni. Lori la kiwanda lilikuwa limechelewa kuja, matiti yangu yalikuwa yameanza kuuma, na ukungu ulikuwa umeshaanza kupanda kutoka mtoni. Nilitembea haraka. Nilikuwa namfikiria mtoto tu.

Mtoto wangu alikuwa hanyonyi.

Alizaliwa mzima, mnene, mwenye sauti. Kisha akaanza kugeuza uso kila nikimpa ziwa. Tulimpeleka hospitali, wakampima, wakasema hawaoni ugonjwa. Lakini alikuwa anapungua. Mbavu zake ungeweza kuzihesabu kwa kidole. Tena hakuwa na jina.

Kwetu Wakipsigis, hata sisi tuliookoka, mtoto bado huitiwa majina ya waliotangulia. Wamama huketi naye, wakataja jina moja baada ya jingine, taratibu. Jina ambalo mtoto atapiga chafya likitajwa, hilo ni lake. Mwenye jina amekubali kurudi. Wangu aliitiwa majina yote ya ukoo wa baba yake. Jina la baba mkwe wangu, marehemu Mzee Chepyegon, walilirudia mpaka sauti zikakauka, kwa sababu mume wangu Nicholas alilitaka sana. Wakamwekea hata ugoro kidogo puani.

Hakupiga chafya. Alitutazama tu, kama mtu anayengoja tumalize.

Sasa, kutoka kituoni hadi kwetu, njia inapita kandokando ya shamba kubwa la chai, kisha inateremka mpaka daraja la mbao. Ng'ambo huku ni mashamba yetu madogo madogo. Nilikuwa karibu kufika darajani niliposikia harufu. Majani mabichi ya chai yaliyosagika, yakichanganyika na udongo uliofukuliwa sasa hivi.

Halafu sauti.

"Mama... kwenu kuna moto?"

Niligeuka. Mwanamume alikuwa amesimama ndani ya chai. Si njiani. Ndani kabisa ya michai, imemfika kiunoni. Mtu yeyote wa kwetu anajua michai ya shamba lile ilivyoshikana. Huwezi kupita bila matawi kuvunjika na kupiga kelele. Mimi sikuwa nimesikia tawi hata moja.

Alikuwa kijana. Amejifunga aproni ya plastiki kama wachumaji wa shamba, na maji yalikuwa yanamtiririka kutoka kichwani. Lakini mvua haikuwa imenyesha wiki ile. Barabara ilikuwa na vumbi.

"Nasikia baridi," akasema. Kiswahili chake kilikuwa cha watu wa upande wa ziwa. "Kama kwenu kuna moto..."

Miguu yangu ilitaka kukimbia. Ningekimbia. Lakini mama mkwe wangu Phelis alikuwa amenifunza jambo moja tangu siku niliyoolewa. Alikuwa mama wa kanisa, mtu wa maombi, na katika nyumba yake mgeni hafukuzwi. Awe mlevi, awe mwenda wazimu, awe wa kabila gani. Kila jioni alimimina chai kikombe kimoja zaidi, akakifunika na sahani. Ukimuuliza ni cha nani, anasema, "Cha yule Mungu atatuletea." Nilijua nikifika nyumbani na kumwambia nimemwacha mtu akitetemeka njiani, hatanisamehe.

"Moto uko," nikasema. Sauti yangu ilitoka ndogo. "Si mbali. Nifuate."

Nikatangulia. Sikusikia miguu nyuma yangu. Nilisikia maji tu.

Ndo... ndo... ndo...

Kwenye daraja, mbao zililia chini ya miguu yangu. Za nyuma yangu hazikulia.

Ndo... ndo...

Sikugeuka. Nilikuwa naimba wimbo wa kanisani chinichini, na maneno yalikuwa yananipotea.

Tulipofika, mwanga wa moto ulikuwa unaonekana kwenye nyufa za mlango wa jikoni. Nikasukuma mlango. Yeye akasimama nje, mbali kidogo na kizingiti.

"Ingia," nikamwambia.

"Wewe umenikaribisha njiani," akanong'ona. "Mlangoni nikaribishwe na mwenye nyumba."

Mama Phelis alikuwa ameketi karibu na meko, mtoto mapajani. "Nani huyo, Chepkemboi?"

"Ni mgeni, Mama. Anasikia baridi."

"Sasa mbona mnasimama nje kama ng'ombe? Karibu, mgeni. Karibu ndani."

Mtu yule alishusha pumzi. Pumzi ndefu... ndefu sana, kama ya mtu anayetua mzigo aliobeba kutoka mbali. Akainama, akaingia. Mama akaniambia nifunge mlango, baridi inamwingia mtoto. Nikaweka komeo.

Alikaa kwenye kigoda cha karibu na kuni. Nilitegemea nguo zake zianze kutoa mvuke, kama nguo za mtu yeyote aliyeloa akiketi mbele ya moto. Hazikutoa. Maji yaliendelea kushuka, yakafanya dimbwi chini, dimbwi likaanza kutambaa kuelekea kwenye majivu. Na ndimi za moto zililala upande. Hakukuwa na upepo. Zililala zikimkwepa.

Mama alifunua kile kikombe, akampa kwa mikono miwili, kama anavyompa pasta. Hapo ndipo aliposikia meno ya kijana yakigongana. Chai ikamwagika kidogo.

"Unatoka wapi, kijana yangu?"

"Ng'ambo ya mto."

Mama alimwinamia. Alimtazama. Alimtazama kwa muda mrefu hata mimi nikaanza kuogopa zaidi kwa sababu yake, sio kwa sababu ya mgeni.

Kijana alishika kikombe karibu na midomo. Hakunywa. Alivuta harufu tu, macho yamefumbwa. Mvuke wa chai ukakatika, kama umezimwa.

"Mama," akasema, "mnaomba hapa?"

"Tunaomba."

"Niombee."

Mama akafumba macho. Alikuwa mtu wa kuomba kwa sauti kubwa, lakini jioni ile alinong'ona. "Baba, tunamleta mgeni wetu mbele yako. Mtoto wako..." Akanyamaza. "Kijana, jina lako nani? Nikutaje."

Maji yakaendelea kushuka.

Ndo... ndo...

"Sijui," akasema. "Nimesahau. Hakuna mtu ameniita siku nyingi."

Niliona machozi yakimshuka Mama mashavuni. Akaendelea kuomba hivyo hivyo bila jina. Akamwomba Mungu ampe mgeni wetu joto, ampe nyumba, ampe watu. Neno hilo alilirudia. Ampe watu. Ampe watu. Aliposema amina, yule kijana alikuwa amefungua macho, na alikuwa anamwangalia mtoto.

Na mtoto alikuwa anamwangalia yeye.

"Oketch," kijana akasema polepole, kama mtu anayesoma kitu kilichofutika. "Walikuwa wananiita... Oketch."

Mtoto wangu akapiga chafya.

  Chafya ile ilikuwa ndogo, kama ya paka, lakini ilijaza jiko lote. Saa hiyo hiyo moshi ukarudi chini kutoka kwenye paa, mzito, mweusi, ukatuwasha macho. Nilikohoa, nikapapasa kutafuta mtoto, nikamshika. Moshi ulipoinuka, kigoda kilikuwa kitupu.

Komeo lilikuwa mahali pake.

Kikombe kilikuwa kwenye kigoda, kimejaa. Nilikiinua. Ndani hakukuwa na chai. Kulikuwa na maji matupu, hayana rangi, hayana harufu. Utamu wote ulikuwa umeondoka, na baridi yake ilinichoma vidole.

"Mama..." nikasema.

"Mpe ziwa," Mama akasema.

"Mama, yule mtu..."

"Chepkemboi. Mpe mtoto ziwa."

Nikampa. Alishika ziwa kwa nguvu hata nikalia. Akanyonya kama mtu aliyetoka jangwani. Akanyonya upande mmoja ukaisha, akataka wa pili.

Nicholas alirudi asubuhi kutoka zamu ya usiku kiwandani. Alinikuta nje nimesimama, sijui la kufanya. Umande ulikuwa umelainisha uwanja, na kutoka kwenye lango letu hadi mlango wa jikoni kulikuwa na alama za miguu mitupu, kila moja imejaa maji. Nicholas alizifuata akiangalia chini. Akafika mlangoni. Akarudi langoni. Akazunguka nyumba yote, akaenda mpaka kwa zizi.

"Huyu mtu alipotoka alipitia wapi?" akaniuliza.

Na mimi nilikuwa nimeshaangalia.

Hakuna alama iliyotoka.

Nilipomweleza yote, alikasirika kiasi ambacho sijawahi kuona. "Mtoto wangu aitwe Oketch? Mtu hata si wa kabila letu, hata hatumjui? Baba yangu awekwe kando kwa sababu ya pepo?" Alimchukua mtoto mikononi, akamwita kwa sauti, "Chepyegon! Wewe ni Chepyegon!" Akaita pasta, wakaja na wazee wa kanisa, wakaomba, wakaimba, wakaamuru kilichoingia kitoke. Tulikubaliana jina litakuwa Chepyegon.

Kuanzia jioni hiyo mtoto akagoma tena kunyonya.

Hakulia. Alifunga mdomo tu. Nilimkamulia maziwa kwa kijiko, yakamwagika shingoni. Siku iliyofuata midomo yake ilianza kukauka. Nicholas alikuwa anatembea uwanjani huku na huku. Mwishowe, giza likianza kuingia, aliingia chumbani, akapiga magoti karibu na kitanda. Nilidhani anaomba. Akaweka mdomo kwenye sikio la mtoto.

"Oketch," akanong'ona. "Tafadhali."

Mtoto akageuza kichwa kutafuta ziwa.

Jina likakaa. Lakini mimi sikuwa na amani. Nilitaka kujua ni nani nilimleta nyumbani. Siku ya soko nilienda Sigowet, nikamtafuta mama mmoja Mjaluo anayeuza omena, wale dagaa wa ziwani, anaitwa Dorcus Amondi. Watu wote wanamjua. Ni mzee, mgongo umepinda, na watu huuliza kwa nini harudi kwao ziwani akapumzike. Hujibu kwamba kuna mtu anamngoja. Nilidhani yeye, kwa vile ameishi hapa na watu wa shamba miaka mingi, anaweza kujua.

"Mama," nikamwambia, "umewahi sikia mchumaji wa majani pale shamba kubwa anaitwa Oketch?"

Alikuwa anapima omena na mkebe. Mkono ukasimama hewani.

"Nani amekutajia hilo jina?"

Nilishindwa kudanganya, nikashindwa pia kusema kweli. Nikasema nimelisikia tu. Akaweka mkebe chini.

"Ni kijana yangu," akasema. "Mwaka ule wa vurugu, watu wa kwetu walipofukuzwa kwa kambi za wachumaji. Mwenzake alimwacha kando ya mto, ana homa, mvua ya mawe inanyesha. Kijana yangu alimwambia, 'Nitavuka, nitagonga kwa hawa watu, kuna wakristo pale.' Nimetafuta kila mahali, nyathina, mwanangu. Polisi, mochari, mto wote. Sikupata hata kiatu. Kwetu mtu asipozikwa nyumbani..." Hakumaliza. "Ndiyo mimi niko hapa. Nitaenda namna gani nimwache?"

Nilirudi nyumbani. Mama Phelis alikuwa anachambua mboga mlangoni. Nikaketi karibu naye. Nikamwambia nimempata anayemjua Oketch, kwamba alikuwa mchumaji wa majani, kwamba alipotea mwaka wa vurugu na hakuonekana tena. Nilisema hayo tu.

Mama aliendelea kuchambua. Jani moja. Jani jingine.

"Alikuwa anagonga polepole," akasema. "Kama mtu anayeona haya."

Mboga zikaanguka.

Sikuwa nimemwambia kwamba aligonga.

"Mzee wangu aliniambia nikae," akaendelea, haniangalii. "Alisema tukifungua, wale wanaofukuza watu watatuchomea nyumba kwa kuwaficha. Na ilikuwa kweli, wangechoma. Nilikuwa nimeshasimama. Nilikuwa nimeshika hilo komeo. Baridi yake naijua mpaka leo. Akagonga... akaacha. Akagonga... akaacha. Baadaye nikasikia meno yake yakigongana. Hapo hapo nje. Mbao tu katikati yetu." Akapangusa mikono kwenye leso. "Asubuhi nilifungua. Hakukuwa na mtu. Mzee alikuwa ameamka kabla yangu. Jembe lilikuwa na udongo mbichi. Sikuuliza. Mpaka amekufa, sikumuuliza."

Nililia. Yeye hakulia. Alisema tu, "Mwite huyo mama. Aje hapa kwangu."

Dorcus Amondi alikuja jioni, jua likizama nyuma ya mikaratusi. Alikuwa amevaa nguo yake ya kanisani. Mama Phelis alimngoja akiwa amesimama mlangoni, na alipomwona akashuka mpaka chini, magoti kwenye udongo, mwanamke wa miaka yake. Akamwambia yote. Hakujitetea. Hata jembe alilitaja.

Nicholas alikuwa ameegemea nguzo. Ndiyo mara ya kwanza alisikia habari hiyo ya baba yake. Niliona uso wake ukizeeka nikiwa namtazama.

Dorcus aliangalia mlango, akaangalia komeo. Nilidhani atalaani. Kwa kweli nilikuwa nimemshika mtoto kwa nguvu, nimeshajiandaa kukimbia naye. Mwanamke aliyefanyiwa hivyo, laana yake haiwezi kuanguka chini bure.

"Mko na mtoto," akasema hatimaye.

 Nikampa. Alimfunua uso, akamwangalia macho, paji, masikio. Akamnusa kichwani. Mtoto alitulia kabisa, akanyoosha mkono, akamshika kidevu.

"Ananyonya?"

"Ananyonya, Mama," nikasema.

"Sasa mlisheni vizuri." Sauti yake ilikuwa kavu. "Mwenye jina mlimnyima."

Kisha akaingia, akaketi, akapewa chai, akainywa yote. Alimwambia Mama Phelis ainuke, udongo una baridi. Kabla ya kuondoka waliomba pamoja, kila mmoja kwa lugha yake.

Nicholas alichimba sehemu nyingi za shamba letu kutafuta mifupa. Kando ya ua, chini ya michai ya zamani, hadi karibu na mto. Hakupata kitu. Mahali pamoja tu, kwenye kona ya chai aliyopanda baba yake, jembe lilipoingia, maji yaliruka juu. Kiangazi. Maji baridi, na harufu yake niliijua. Alifukia haraka. Dorcus alichukua udongo wa kona ile kwenye kitambaa, akaenda kuuzika kwao ziwani, na baada ya msiba alirudi akaendelea kuuza omena. Nilimuuliza kwa nini amerudi. Akacheka kidogo, akasema nyumbani amezika udongo, lakini mtoto yuko huku.

Sasa Oketch anatembea. Ana afya, ana meno, anapenda maziwa lala kama mtoto yeyote wa Kipsigis. Mama Phelis amezeeka, na analala mapema. Ukituona ungesema ni familia iliyobarikiwa.

Neno la kwanza la mtoto halikuwa mama. Tulikuwa tunakula, mvua inanyesha, hakuna aliyegonga. Mtoto akaacha kijiko, akageukia mlango.

"Fungua," akasema.

Hana jingine analolisema vizuri hivyo. Hulisema siku za mvua, kiza kikianza kuingia. Mara nyingine tukifungua tunakuta mtu kweli, jirani anakuja kuomba moto, au mpita njia amenyeshewa. Mara nyingine hatukuti mtu. Pasta anasema tusifungue. Mama anasema tufungue. Mimi huwa nafungua, nashikilia mlango muda wa mtu kuingia, kisha nafunga bila kuangalia nyuma yangu nani ameketi.

Jana nilikuwa na unga mikononi. Mtoto aliposema "Fungua," Nicholas ndiye aliyeinuka. Hajawahi kuinuka. Alitoa komeo, akavuta mlango, na nikasikia mvua ikiingia ndani. Alisimama pale akitazama nje, kwenye ukungu uliofunika michai yote hadi mtoni.  Polepole akasogea pembeni, akabana mgongo ukutani kabisa, akavuta na miguu, kama mtu anayewapisha watu mahali padogo.

Hakusema karibu.

Alisema, "Karibuni."